Chai Mikono Miwili

Mheshimiwa Katibu Mtendaji wa Sekta, ambaye sisi huku tunakuita Gitifu na wewe unaitika. Viongozi wetu wa mtaa. Sheikh wetu na Padri wetu, mlioketi benchi moja kwa sababu viti havikutosha. Ndugu wageni waalikwa kutoka Gikondo, kutoka Busanza, na ninyi mliobadilisha gari Nyabugogo katikati ya vurugu zile ili mfike hapa kwa wakati. Wazee, wazazi, majirani zangu wa Nyamirambo. Wanachama wenzangu wa Klabu ya Tiara. Na wewe mzee wetu Twahiru, ambaye leo ndiwe mgeni rasmi hata kama kadi ya mwaliko imeandikwa jina la mwingine: nawasalimu nyote. Asalamu alekumu kwa wanaoitikia hivyo, Tumsifu Yesu Kristo kwa wanaoitikia vile, na muraho kwa mlio bado mmesimama mkitafuta pa kukaa.

Kwa wasionijua, mimi ni Mukandekezi, fundi cherehani wa Gikondo, kule kwenye magereji. Wengi mnaniita Mama Kaliza. Nimekuwa mwenyekiti wa klabu hii kwa sababu siku ya uchaguzi nilitoka nje kupokea simu ya mteja, na niliporudi nikakuta nimeshinda bila kupingwa.

Tumekusanyika kwa sababu mbili zilizoandikwa kwenye kadi, na moja ambayo haikuandikwa. Ya kwanza ni kumuaga Mzee Twahiru, ambaye Jumatatu anapanda basi kwenda Kamembe kuishi kwa binti yake, kwa kuwa magoti yake yamegombana na milima ya Kigali na hayataki kupatanishwa. Ya pili ni kufungua rafu ile mnayoiona kwenye baraza ya ukumbi, imefunikwa kitenge, yenye vifaa vya kumfundisha mtu ambaye hajawahi kurusha tiara maishani mwake. Ya tatu ndiyo iliyoninyima usingizi wiki hii.

Mheshimiwa Gitifu alituita ofisini mwezi uliopita akatuambia bila kuzunguka. Uwanja huu ni wa wakazi wote. Jumamosi alasiri inaombwa na vijana wa mpira, inaombwa pia na akina mama wa mazoezi ya viungo, na klabu ambayo mwalimu wake pekee anaondoka haiwezi kuendelea kuushikilia uwanja kwa kumbukumbu zake nzuri. Akasema: "Mnionyeshe mtu mmoja ambaye hajawahi kurusha, aliyejifunza kwa hivyo vifaa vyenu. Arushe mbele yangu, Mzee asimguse. Akiweza, Jumamosi zinabaki zenu. Asipoweza, nitawapa wengine." Sikumlaumu siku ile na simlaumu leo. Ningekuwa nimekaa kwenye kiti chake ningeuliza hivyo hivyo. Basi mwanafunzi huyo yupo hapa uwanjani, na nikishamaliza kusema atakwenda kushika kamba. Nitamtaja mwishoni. Msianze kutafutana kwa macho.

Labda wapo wageni wanaojiuliza, tiara ina nini cha kusomewa? Si kila mmoja wetu alitengeneza ya kwake utotoni kwa gazeti na vijiti vya mwanzi, akakimbia nayo, ikapanda, ikanasa kwenye waya wa umeme, yakaisha? Kweli. Lakini ile ni tiara ya uzi mmoja: ukishaipandisha, kazi yako ni kuitazama. Hii yetu ina kamba mbili zenye vishikio, moja kila mkono, na haikai mahali pamoja. Inakwenda kulia na kushoto, inachora duara, inashuka kwa kasi mpaka majani yanainama, halafu inapanda tena bila kugusa ardhi. Anayeijua anafanya hayo kwa kuvuta mkono kidogo tu, hata ukisimama karibu naye huoni anachofanya. Asiyeijua anaipigiza chini, pua ikitangulia, na mimi napata kazi ya kushona.

Nianze na Mzee, maana bila yeye tusingekuwa na cha kufungua.

Miaka ile Mzee Twahiru alikuwa akiuza mitumba, makoti ya mvua hasa. Siku moja alifungua robota, ndani akakuta kitambaa chepesi cha rangi ya chungwa, kimechanika, na vijiti vyembamba, na kamba mbili zilizosokotana kama nywele ambazo hazijachanwa. Akaniletea Gikondo. "Mama Kaliza, nishonee huu mwavuli." Nikaugeuza, nikaugeuza tena, nikamwambia, mzee wangu, mwavuli gani huu hauna fimbo ya kushikia? Akafikiri kidogo akasema, "Labda huko kwao wanauvaa."

Niliushona kama nilivyoweza, nikaufua, nikauanika mlangoni. Upepo wa alasiri ukapanda kutoka bondeni, ukaingia ndani ya kile kitambaa, ukang'oa kamba ya kuanikia pamoja na suruali za wateja wawili. Tukatazamana. Hapo ndipo tulipoelewa kwamba si mwavuli.

Tangu siku ile Mzee akawa anafunga kibanda chake mapema na kupanda huku juu peke yake. Hakuwa na mwalimu, hakuwa na kitabu, hakuwa hata na mtu wa kumuuliza swali la kijinga. Alikuwa na tiara inayoanguka na fundi wa kuiziba. Mara ngapi aliniletea imepasuka? Nilizoea hata kumjua kwa hatua zake mlangoni: akija polepole, ni pua; akija haraka, ni bawa. Kisha siku moja akaja mikono mitupu. Nikamuuliza, imepotea? Akasema, "Haikuanguka." Akakaa kwenye stuli yangu, akaomba maji ya kunywa, akanywa, akaondoka. Sijawahi kumwona mtu amefurahi kimya namna ile.

Nasema haya ili mjue kwamba ninayoyasema sasa nayasema kwa heshima. Mzee, nayasema ukiwepo, na kipaza sauti kiko karibu nawe ukitaka kujibu.

Mzee Twahiru ni mrushaji ambaye sijaona wa kumfananisha naye. Lakini je, kujua jambo na kulifundisha ni kazi moja? Watu walipoanza kupanda huku kumtazama, wakataka kujifunza, naye akawakaribisha wote. Alimkaribisha Mkatoliki na Mwislamu, aliyekulia hapa na aliyekulia Bujumbura, mwenye duka na mbeba mizigo. Hakumnyima mtu vishikio. Alikupa kwa mikono yake miwili, akakwambia Bismillahi. Tiara ikapanda. Ikatetemeka kidogo tu. Na hapo ukasikia nini?

Mnacheka kwa sababu nyote mmeambiwa. "Leta. Leta hapa. Weye iko unaiharibu." Kabla hajamaliza kusema, mikono yake ilikuwa imeshafika, vishikio vimeshatoka kwako, na wewe umebaki umesimama, vidole vimekunjika, unamtazama yeye akirusha. Hakufanya hivyo kwa choyo, na nitabishana na yeyote atakayesema ni choyo. Yeye alijua kila anguko linavyouma, maana yote aliyapitia yeye, akayabeba mpaka Gikondo. Aliionea huruma tiara kuliko mwanafunzi. Basi kwa miaka mingi tulikuwa na klabu yenye mrushaji mmoja na watazamaji wengi, na watazamaji tulikuwa tunalipigia makofi tatizo letu wenyewe.

Umuhoza, yule pale mwenye kilemba cha kijani, ni mwalimu wa shule ya msingi, na mwalimu hawezi kuona kitu hakifundishiki akanyamaza. Akasema tutafute masomo ya wanaoanza. Akapakua video kwenye simu. Ni video nzuri, siwezi kusema uongo. Bwana mmoja wa nchi za mbali amesimama pekupeku kwenye mchanga ulionyooka, bahari pembeni, upepo unatoka upande mmoja tangu asubuhi mpaka jioni. Anashika kamba, anasema: rudi nyuma hatua chache, ivute, itapanda. Anarudi nyuma, inapanda.

Sasa naomba mgeuke mtazame nyuma yenu. Mmeiona ruhurura ile ya mawe inayoshusha maji ya mvua? Ndugu yetu Léonidas, fundi wa magari, mtu makini ambaye hafungui injini bila kujua atakavyoifunga, aliitazama video ile mpaka akaijua kwa moyo. Akaja hapa, akashika kamba, akarudi nyuma hatua chache kama bwana wa mchangani. Tiara ikapanda kweli. Léonidas akazama. Tulisikia sauti yake kutoka ndani ya mtaro, bado ameshikilia vishikio, anauliza: "Iko inapanda?" Nikamjibu, ndiyo, wewe ndiye uko unashuka. Na msimcheke peke yake, kwa sababu Jumamosi iliyofuata alizama mwingine, na huyo mwingine alikuwa amemcheka sana Léonidas.

Halafu kulikuwa na kitabu cha Kifaransa alichokiokota Léonidas kwa rafiki yake. Kitabu kilisema: upe upepo mgongo. Vizuri. Upepo upi? Ninyi mnaoishi kwenye kilima hiki mnajua kwamba alasiri mmoja unapanda kutoka bondeni na mwingine unazunguka mlima, na wanakutana hapa hapa uwanjani na kuanza kubishana. Ukiupa mmoja mgongo, mwingine unakupiga usoni. Kitabu hakikutuongopea, kilikuwa kinazungumza na watu wengine.

Na tulikuwa na kosa letu wenyewe, ambalo bwana wa mchangani asingeweza kulijua. Sisi ni watu wa moto, hizi pikipiki za abiria. Kila siku tunapanda nyuma ya pikipiki, na kwenye kona tumezoea kuinama pamoja na dereva. Basi tiara ikienda kulia, sisi wote tunainama kulia na mwili mzima, mabega, kichwa, hata ulimi. Mikono haijavuta chochote. Tiara inaendelea na safari yake, wewe umelala upande kama abiria wa kona ya Kimisagara. Umuhoza alituchukua video tukiwa hivyo, na ninaomba video ile isionyeshwe kamwe mbele ya Gitifu.

Sasa nije kwenye siku ya chai.

Umuhoza alinifuata dukani akasema: "Mama Kaliza, Mzee ana maneno mengi mazuri ndani, lakini mikono yake inayawahi. Tuipe mikono kazi nyingine." Nikamuuliza, tumfunge? Akasema, "Tumpe chai."

Wageni wetu huenda hamwajui watu wa Biryogo, kwao Mzee. Mzee wa Biryogo hakatai chai. Akishapewa haiweki chini, kwenye majani, kama sahani ya kuku. Wala haimwagi, hata nyumba ikiungua. Na ukimwomba akushikie kikombe chako, atakushikia mpaka urudi. Hiyo ndiyo adabu aliyolelewa nayo. Basi Jumamosi ile Umuhoza akaja na chupa ya chai ya mukaru, ile isiyo na maziwa, yenye tangawizi, ya moto sana, akamimina kikombe mpaka ukingoni, akampa Mzee katika mkono wa kulia. Akamimina cha pili, mpaka ukingoni vilevile, akasema, "Mzee, nishikie na hiki changu, nifunge kamba ya kiatu." Mzee akakipokea kwa mkono wa kushoto. Ndugu zangu, kiatu kile kilifungwa alasiri nzima.

Simu ya Umuhoza ilikuwa kwenye benchi, inarekodi. Léonidas akashika vishikio. Tiara ikapanda, ikatetemeka. Mzee akasema, "Leta," akanyanyua mikono, chai ikamchoma vidole, akaishusha. Tiara ikaanguka. Hakuna aliyekufa. Ikapandishwa tena. "Leta ha..." Chai ikamchoma tena. Nilimwona anavitazama vile vikombe viwili kama mtu aliyefungwa pingu na shemeji zake. Ikaanguka mara nyingine. Mimi moyoni nilikuwa nahesabu viraka.

Halafu Mzee akainamia kikombe. Akapiga fundo moja la chai, si kwa hamu, ni ili kikombe kipungue. Na akasema kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, ya chini, ya mtu anayejisikiliza mwenyewe: "Léonidas, mdogo wangu. Ikianguka usivute. Wote mnavuta, ndiyo maana inapiga chini. Ikianguka, ifuate. Nenda kwake, mikono mbele." Léonidas akapiga hatua mbele, mikono mbele. Na ile tiara, iliyokuwa inakuja chini kwa hasira, ikapungukiwa nguvu, ikalegea, ikakaa kwenye majani taratibu kama mtu anayekaa kwenye kiti chake.

Tukaitazama sote. Mzee naye aliitazama, vikombe mikononi. Kisha akasema: "Kumbe ndivyo ninavyofanya."

Nataka mlishike neno hilo, kwa sababu rafu yote ile imejengwa juu yake. Mtu alikuwa na elimu ya miaka yote ile mikononi na hajawahi kuisikia. Hakuwa anatuficha. Hakuwa nayo mdomoni hata yeye. Tulipoizuia mikono, ndipo ilipopata njia ya kutokea.

Tangu hapo kila Jumamosi ilikuwa chai. Mzee alijua tangu wiki ya pili kwamba ni hila. Asingejua vipi, mtu aliyeuza mitumba Kigali na hakudanganywa hata na watoza ushuru? Lakini alifika, akakaa kwenye benchi, akanyoosha mikono yote miwili mwenyewe, akasubiri kumiminiwa. Mheshimiwa Gitifu, katika uwanja huu nimeona watu wakichora duara, nimeona tiara ikisimama kwa ncha ya bawa moja juu ya majani. Sijaona kitu kikubwa kuliko mzee kunyoosha mikono ili izuiwe.

Basi naomba sasa kitenge kiondolewe kwenye rafu. Ahsante, Léonidas. Taratibu, kuna kilichotundikwa.

Mnachokiona kwanza ni nguo niliyoishona mimi, si bendera. Karatasi inalowa na mvua, nguo inakauka. Ni uwanja huu huu, umeshonwa kwa vipande: mlima kule, bonde huku, upepo wa bondeni kwa uzi wa bluu, upepo wa mlimani kwa uzi mwekundu, na mahali wanapogombana. Ruhurura nimeishona kwa uzi mweusi, mnene, hata asiyeona vizuri aiguse kwa kidole. Chini yake kuna vijitabu, kwa Kiswahili na kwa Kinyarwanda, vyenye michoro ya Umuhoza. Somo la kwanza halisemi chochote kuhusu tiara. Linasema: kabla hujatazama juu, tazama nyuma yako. La pili linasema ni wapi usirushe: karibu na nyaya, mvua ya radi ikianza kunguruma, na kokote karibu na uwanja wa ndege. Wageni wetu wa Busanza, mlioko huko ndege zinakoshukia karibu na mapaa, ndiyo maana mnavuka mji mzima kuja kwetu, na tunawashukuru kwa kutokuwa na haraka ya kutuletea matatizo.

Ile stuli iliyo pembeni si ya kukalia wageni. Mwanafunzi anakaa hapo, anashika kamba mbili zilizofungwa kwenye ubao wenye kitiara kidogo kinachogeuka. Kwa nini akae? Kwa sababu aliyekaa hawezi kuinama kama abiria wa moto. Anavuta mkono, kitiara kinageuka, anaelewa. Na ile tiara ndogo nyeusi na kijivu imetoka kwenye miavuli iliyokufa. Pua yake nimeishona mara mbili na kuipa ngozi. Imeshonwa ili ianguke. Mwanafunzi asiyeogopa kuharibu anajifunza haraka, na mwalimu asiyeogopa kuharibiwa anakaa kwenye benchi.

Kisha kuna sauti. Yeyote mwenye simu ataziomba kwa Umuhoza, bure. Ni Mzee anazungumza na mtu anayeanza, siku baada ya siku: vuta kidogo, kidogo kuliko hivyo, kamba zikisokotana usiogope, mkono wa kulia unabaki wa kulia, subiri, upepo unabadilika, subiri. Katikati anakunywa chai, na mnajua anavyokunywa, anasikika mpaka Kivugiza. Umuhoza alitaka kuzikata sauti zile za kunywa. Nilimkatalia. Nikamwambia, acha. Jumatatu anaondoka, na mimi nitataka kuzisikia.

Kwa hiyo Mzee wangu, nakushukuru kwa niaba ya klabu. Roho inaniuma unaondoka, na sioni sababu ya kulificha hilo kwa maneno ya sherehe. Umetupa kitu kigumu kuliko tiara. Umetupa nafasi ya kuanguka mbele yako, nawe ukatazama.

Mheshimiwa Gitifu, sikuombi huruma. Uliuliza swali la haki na utapata jibu mbele ya macho yako. Nakushukuru pia kwa kutuuliza, maana usingeuliza, rafu ile ingekuwa bado ni maneno yetu ya Jumamosi.

Sasa mwanafunzi.

Kuna mtu katika klabu hii aliyeshona kila tiara mliyoiona juu ya uwanja huu. Kila alipoleta mpya kuijaribu, alikuwa wa kwanza kushika vishikio, na wa kwanza kusikia "leta hapa" hata kabla haijapanda. Hakulalamika. Alijiambia kwamba yeye ni wa sindano, upepo una wenyewe. Aliwasikiliza wengine wakisema inavuta, inavuta kweli, inakuvuta mpaka kifuani, na yeye aliyeikata na kuishona hakujua inavuta vipi. Ilimuuma kuliko alivyoonyesha. Basi miezi hii alijifunza kama mwanafunzi mwingine yeyote: kwa kijitabu, kwa stuli, na kwa sauti ya Mzee kwenye simu, nyuma ya mlango wa duka lake, huku wateja wakidhani anaomba dua. Umuhoza anajua. Gitifu anajua, aliulizwa akakubali. Wanachama wote ni mashahidi kwamba mtu huyo hajawahi kurusha hata siku moja.

Ni mimi.

Mzee, usisimame. Kaa.

Nitarusha ile ya rangi ya chungwa, ya kutoka kwenye robota. Ndiyo, ipo. Ulidhani niliitupa. Viraka vyangu vimekuwa vingi kuliko kitambaa cha mwanzo, lakini pua ni ile ile. Nikimaliza nitaikunja nikupe uende nayo Kamembe, kwa sharti moja: ukimpata wa kumfundisha huko, uombe chai kwanza.

Umuhoza, lete vikombe. Mpaka ukingoni, kama siku ile. Mzee, nyoosha mikono. Kulia. Na kushoto. Shukurani. Ikitetemeka, wewe kunywa. Ikianguka, usiniite, nitaifuata mwenyewe.

Ndugu zangu, mmenipa masikio yenu zaidi ya dakika nilizopewa, na nawashukuru kwa kila moja. Sasa nahitaji uwanja. Sogeeni mpaka ng'ambo ya mstari wa mawe, na kabla hamjatazama juu, tazameni nyuma yenu.